Mtoto Akiiba, Tupime Umbali

Andiko: Kumbukumbu la Torati 21:1-9. Soma pia nyumbani: Kutoka 22:1-4, Ezekieli 18, na Waraka kwa Filemoni.



Wiki hii nawaletea andiko ambalo wengi wetu huliruka tukisoma Biblia, kwa sababu linaonekana la kale sana na lina habari za ndama kuvunjwa shingo. Musa anaeleza hivi: maiti ikipatikana imelala shambani na hakuna ajuaye nani ameua, wazee na waamuzi watoke, wapime umbali kutoka pale ilipo mpaka miji iliyo kandokando. Mji utakaopatikana kuwa karibu zaidi, wazee wake ndio watakaotoa ndama ambaye hajafanya kazi. Watamshusha kwenye bonde lenye maji, watamvunja shingo, kisha mbele ya makuhani watanawa mikono na kutamka kwamba mikono yao haikumwaga damu hiyo wala macho yao hayakuona.

Sasa hebu tuulize. Kwani wale wazee walishukiwa kuua? Hapana. Hakuna aliyewashuku. Basi kwa nini waape? Walimu wa Kiyahudi wa zamani waliliona swali hili, na jibu lao limeandikwa katika Mishna. Walisema maana ya kiapo ni kwamba mtu huyu hakufika kwetu tukamwacha aende bila chakula, wala hatukumwona tukamwacha aende bila mtu wa kumsindikiza. Wazee wanaapa kuhusu mlango wao, kama ulifunguliwa au la. Habari ya kisu haimo hata kidogo.

Nimekaa na andiko hili siku nyingi nikifikiria vijana wetu hapa Gachoka. Musa anaongea juu ya aliyeuawa, lakini kipimo kile kinaweza kutumika hata kwa anayekosa. Kijana wa miaka 15 akivunja kibanda sokoni usiku, dhambi ni ya nani? Na tukitoka na kamba kupima, mji ulio karibu ni upi?

Makundi mawili na ukweli nusu nusu

Swali hili limetugawanya, tusidanganyane. Habari za wizi zimejaa katika ushirika wa nyumbani: betri ya boda, paneli ya sola ya mama mjane, kuku, simu, hata muguka yenyewe kuchumwa usiku kwa shamba la mtu. Na mara nyingi anayeshikwa ni mtoto tuliyemfundisha shule ya Jumapili.

Kundi la kwanza linasema kila mtu abebe mzigo wake. Linataja Ezekieli 18, kwamba mwana hatabeba uovu wa baba wala baba uovu wa mwana. Kundi la pili linasema mtoto hana makosa. Kosa ni la umaskini, la serikali, la baba aliyeenda Nairobi asirudi.

Kundi la pili lina huruma, na huruma ni ya Mungu. Lakini wacha niseme wazi: ukimwambia kijana kwamba hana hatia, umemdharau. Umemfanya kama mbuzi aliyeingia shamba la mahindi. Ndugu yake aliyelala njaa ileile, katika nyumba ileile, hakuiba. Na kuna jambo zito zaidi kwetu tunaohubiri Injili. Asiye na hatia hana cha kusamehewa. Ukimnyima kijana hatia yake, umemnyima pia toba na mwanzo mpya. Kwa hiyo Ezekieli ni kweli. Kijana amekosa, naye ajibu.

Lakini kundi la kwanza nalo linakosea mahali pamoja. Linafikiri hatia ni kama mkate, kwamba mmoja akichukua kipande kikubwa, wengine wanabaki na makombo au hawabaki na kitu. Akina mama wa chama wanaelewa haya kuliko mimi. Ukikopa kwenye chama, unaweka wadhamini. Mdhamini hakuzila zile pesa wala hakununua kitu. Lakini alitia sahihi, na mkopo usipolipwa, anaweza kuitwa kwa deni lote. Deni la mkopaji halijapungua hata shilingi kwa sababu mdhamini ameitwa. Wote wawili wanadaiwa.

Basi swali letu si kuchagua kati ya mtoto na jamii. Swali ni: nani alitia sahihi kwa mtoto huyu? Siku ile tulimwinua hapa mbele ya madhabahu tukamweka wakfu, kanisa zima liliitikia kwamba litasaidia kumlea. Ile ilikuwa sahihi.

Yaliyo kwenye daftari

Nilisomea biashara chuoni kabla ya kuingia utumishi, na tabia ya kuweka rekodi haijanitoka. Mzazi akija ofisini kwa ajili ya kijana aliyeshikwa, tukimaliza maombi huwa naandika mambo machache bila jina: kilichoibwa, siku, kilikouzwa, na mara ya mwisho kijana kuwa darasani. Huu si utafiti wa chuo kikuu na hauwezi kusemea kaunti nzima. Ni daftari la ofisi tu. Hata hivyo, ukilisoma ukurasa baada ya ukurasa, mambo manne yanajirudia.

La kwanza ni wakati. Visa havijatawanyika sawasawa katika mwaka. Vinakuja wakati wa likizo, na vinakuja tena wiki zile za kwanza za muhula, watoto wanaporudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Na saa ni zilezile, kati ya giza kuingia na saa nne usiku. Yaani wizi unakuja pale ambapo hakuna mtu mzima anayejua mtoto yuko wapi.

La pili, hawaibi peke yao. Wako watatu, wanne. Na karibu kila kundi lina mmoja mkubwa, amepita miaka 20, ambaye hashikwi. Wadogo ndio wanaopita dirishani.

La tatu, kabla ya wizi kulikuwa na kuacha shule, na kuacha huko kulikuwa kwa kimya. Hakuna aliyetangaza. Alikosa Jumatatu, akakosa wiki, akakosa muhula. Mwalimu alidhani amehama. Sisi kanisani tulidhani amekua, ameona aibu kukaa na watoto.

La nne ndilo linaloniuma kama mtu wa biashara. Kila kitu kilichoibwa kilikuwa na mnunuzi, na mnunuzi hakuwa mbali. Mtoto wa miaka 14 hawezi kutumia pampu ya maji. Hana shamba. Ameichukua kwa sababu anajua mtu atakayemlipa bila kuuliza swali. Nchi yetu iliwahi kukiri jambo hili. Januari 2022, baada ya nyaya na milingoti ya umeme kuharibiwa, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya vyuma vikuukuu mpaka Mei. Serikali ilijua kwamba ukitaka kumpata mwizi wa chuma, uanze kwa mizani inayopima chuma. Pasipo soko hakuna bidhaa. Na soko ni watu wazima, wengine wanaimba sifa.

Sasa pima umbali. Kutoka kwa mtoto mpaka kwa mnunuzi ni hatua ngapi?

Jani letu

Hapa naomba msinifungie masikio. Siwezi kuandika juu ya vijana wa Mbeere nikaruka muguka, kwa sababu kila mmoja atajua nimeruka.

Sitailaani. Ardhi yetu ni kavu. Mvua ikikosa, mahindi yanakauka na ndengu zinakauka, lakini muguka inavumilia, na inalipa kila wiki badala ya mara moja kwa mwaka. Imejenga nyumba hapa, imelipa karo ya wauguzi na walimu, na sehemu ya zaka inayohesabiwa Jumapili imetoka huko. Ni zao halali kwa sheria ya Kenya. Anayeilima kwa jasho lake si mwizi.

Lakini mwenye kulima aulizwe maswali mawili.

Swali la kwanza ni mikono inayochuma. Kuchuma muguka ni kazi ya vidole vyepesi, haihitaji nguvu, na analipwa siku hiyohiyo. Ndiyo maana inamvuta mtoto. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, kwa wanafunzi wengi mpaka Januari 2021, watoto wengi walionja pesa ya kila siku, na wengine hawakurudi kalamu mkononi. Mtoto wa darasa la saba akishika pesa yake mwenyewe jioni, nani atamwambia saa ya kulala? Anaenda kwenye mashine za kamari zinazomeza sarafu ya shilingi 20, kisha anajifunza kubeti kwa simu ya mkubwa wake. Msimu ukiwa mbaya, kazi hakuna, lakini tabia ya kutumia imebaki. Hapo ndipo kuku wa jirani anaanza kuonekana kama pesa.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumwajiri mtoto aliye na umri wa shule katika kazi inayomzuia kwenda shule. Kwa hiyo ndugu yangu unayepeleka watoto wa wenyewe shambani Jumanne asubuhi kwa sababu wanakubali malipo kidogo, unavunja sheria ya nchi. Na bado Jumatano kwenye maombi unaomba ulinzi juu ya mali yako.

Swali la pili ni mdomo unaotafuna. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir wa Mombasa alipiga marufuku muguka katika kaunti yake. Kilifi na Taita Taveta nazo zikachukua hatua dhidi yake. Mnakumbuka jinsi huku kulivyochemka. Viongozi wetu walienda Ikulu, Rais akasema marufuku hayo hayana nguvu, na Mahakama Kuu ya hapa Embu ikayasimamisha. Tulipumua. Familia nyingi zingelala njaa.

Lakini mahakama ilijibu swali la sheria. Halikujibiwa swali la yule mama wa Pwani anayesema kijana wake amekuwa wa kukesha macho mekundu, hali, hasomi, na vyombo vya nyumba vinapotea kimoja kimoja. Sisemi jani ndilo linaloiba. Kuna watu wazima wanaotafuna miaka yote na hawajagusa cha mtu. Lakini mtoto ni kitu kingine, na anayeuza anajua kwamba anauzia mtoto. Musa aliagiza wapime kutoka shamba mpaka mji. Siku hizi muguka inachumwa Gachoka asubuhi, na kesho yake iko mdomoni mwa mtoto wa Likoni. Je, kwa kipimo cha Mungu, mji ulio karibu naye ni upi? Mimi naamini mtu anaweza kutetea haki yake ya kulima na bado akakataa, kwa sauti ileile, zao lake kuuziwa watoto. Tukiinua sauti kwa jambo moja tu, watu watajua tulichokuwa tunakipenda.

Moto si haki

Kuna sauti nyingine tunayoisikia sokoni: «Wacha achomwe, wengine watajifunza.» Wapendwa, mtu aliyeokoka asikutwe katika umati huo, hata kwa kutazama tu.

Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 mpaka 12. Mtoto ambaye hajafika 14 huhesabiwa kuwa hawezi kupambanua jema na baya mpaka mahakama ithibitishiwe vinginevyo. Sheria hiyohiyo imefungua njia ya kumwondoa mtoto katika mkondo wa kesi: aombe msamaha, arudishe au alipe alichoharibu, afanye kazi ya jamii, asimamiwe. Wengine husema hii ni kudekeza. Lakini ukisoma Kutoka 22 utaona Mungu hakuamuru mwizi wa ng'ombe afungwe wala achomwe. Aliamuru alipe, tena mara mbili na zaidi. Malipo ni magumu kuliko moto kwa namna moja: yanamtaka mkosaji abaki hai, amwangalie machoni aliyemkosea, afanye kazi mpaka deni liishe.

Na nadhani kuna sababu nyingine ya umati kupenda moto. Mtoto akishakuwa majivu, hakuna tena wa kuulizwa alimuuzia nani ile betri. Umati unachoma ushahidi. Wale wazee wa Torati walikatazwa njia hiyo ya mkato. Walilazimika kutoka, kupima umbali, na kusimama wakiapa.

Kumtisha je?

Wazazi wengine wanakuja na ombi la upole zaidi: «Pastor, ongea na mkuu wa kituo, huyu kijana alale seli siku moja tu aogope.» Najua ombi hili linatoka kwa mama aliyechoka. Lakini jambo hili limejaribiwa. Huko Marekani, miaka ya 1970, katika gereza la Rahway jimboni New Jersey, vijana watundu walipelekwa ndani ili wafungwa wa maisha wawafokee na kuwatisha. Filamu ikatengenezwa, watu wakasifu, majimbo mengine yakaiga. Baadaye watafiti wakafuatilia vijana waliopelekwa na wenzao ambao hawakupelekwa. Waliopelekwa ndio walioendelea kuvunja sheria zaidi. Hofu ya usiku mmoja ilipita. Kilichobaki ni jina jipya alilopewa kijana: wewe ni mtu wa jela.

Kinyume chake kiko karibu nasi. Mwaka 1955, wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilifungua kambi ya vijana Wamumu, huko Mwea ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Embu. Iliwaleta wavulana waliokuwa kizuizini Manyani kwa tuhuma za Mau Mau, watoto waliofungwa bila kesi. Hilo lenyewe lilikuwa dhuluma na sitalipamba. Lakini pale Wamumu wavulana walifundishwa kusoma, useremala, uashi na ushonaji, walicheza mpira, na walipotoka walitafutiwa kazi. Mmoja wa maofisa waliokuwa huko, Geoffrey Griffin, alienda Nairobi na mwaka 1959 akaanzisha Starehe kwa ajili ya watoto wa mitaani, katika vibanda viwili vya mabati. Alianza pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Gikubu mwenyewe alikuwa amewekwa kizuizini akiwa kijana. Yule ambaye serikali ilimwandika adui akawa mlezi wa maelfu ya wavulana. Leo Wamumu bado ni shule ya kurekebisha tabia, na Starehe nyote mnaijua.

Ni nini kilichofanya kazi? Sioni uchawi wowote. Kijana alipewa ujuzi mkononi, saa zake za siku zikajazwa, na alipotoka kulikuwa na mtu mzima anayelijua jina lake na anayemngoja. Ukosefu wa haya matatu ndio ule niliousoma katika daftari.

Nchi ya Aisilandi nayo ilifika hapo kwa njia yake. Mwaka 1998 zaidi ya vijana 40 katika kila 100 wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa mwezi uliotangulia uchunguzi. Kufikia 2016 walikuwa 5 katika kila 100. Hawakujaza jela. Wazazi walikubaliana pamoja saa ya watoto kuwa nyumbani, wakazunguka mitaani usiku wenyewe, na fedha za umma zikawekwa kwenye michezo na muziki ili kila mtoto awe na mahali pa kwenda. Sisi si matajiri kama wao. Lakini kukubaliana saa ya kurudi nyumbani kunagharimu shilingi ngapi?

Iandikwe kwangu

Paulo alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni hakusema Onesimo hana deni. Alikubali kwamba pengine amemdhulumu bwana wake. Kisha akaomba deni hilo liandikwe katika hesabu yake yeye, Paulo, na akaahidi kwa mkono wake kwamba atalipa. Katika uhasibu deni halifutiki kwa kusema maneno mazuri. Haliondoki mpaka mtu alilipe au akubali kubeba hasara yake. Paulo alijua hivyo. Huyo ndiye mdhamini wa kweli, na ndivyo Yesu alivyotufanyia sisi sote.

Basi nawaomba tufanye haya, na nitayaleta rasmi mbele ya wazee wa kanisa:

1. Kila ushirika wa nyumbani uwe na orodha ya watoto wote wa eneo lake, waliookoka na wasiookoka, na kila Jumatatu ya wiki ya kwanza ya muhula mtu mmoja aulize nani hayuko shuleni. Mtoto akikosa siku tatu, tubishe hodi. Tusingoje miezi mitatu.

2. Mkulima wa kanisa hili asiajiri mtoto siku ya shule. Wakati wa likizo, mtoto akisaidia kazi nyepesi nyumbani kwao, mzazi ajue pesa ni kiasi gani na zinaenda wapi.

3. Hakuna muumini kununua kitu kilichotumika bila kumjua mwenye kukiuza na kilikotoka. Fundi wa simu, mwenye duka la vipuri, mnunuzi wa vyuma, hili ni lenu. Ukinunua betri kwa mtoto, wewe ndiye uliyemtuma.

4. Kijana akishikwa, wazee wawili wafike haraka kabla ya umati, pamoja na chifu. Kisha tumwombee nafasi ya kulipa kwa kazi, na mafundi walio kati yetu, waashi, washonaji, mafundi wa pikipiki, kila mmoja achukue mwanafunzi mmoja. Aliyeibiwa naye asisahaulike. Kuku ya mama mjane ilipwe kwanza, halafu ndio tuongee habari za msamaha.

5. Ukumbi wa kanisa ufunguliwe jioni za likizo, taa iwake mpaka saa tatu, kuwe na mpira mchana na mazoezi ya vyombo usiku. Tumeujenga kwa gharama kubwa. Usilale umefungwa siku sita huku watoto wakiwa gizani.

Najua kuna atakayesema haya si kazi ya kanisa, kanisa lihubiri wokovu. Namjibu kwa upendo kwamba makuhani wa Lawi pia waliitwa kushuka bondeni na wale wazee. Hawakubaki hemani.

Siku moja tutaulizwa. Kijana atakaposimama mbele ya Mungu kujibu alichofanya, atajibu mwenyewe, na hatutamjibia. Lakini na sisi tutaitwa kama wadhamini. Mungu atatuuliza kama alipita mlangoni mwetu akiwa na njaa, kama tulimwona akienda gizani bila wa kumsindikiza. Maji ya kunawa yatakuwepo. Tuishi hivi kwamba tukinawa, tuwe tunasema ukweli.

Mambo ya kuombea wiki hii:

Ombea kwa jina kijana mmoja wa jirani yako ambaye hayuko shuleni, kisha nenda kamwone.

Ombea waliofungwa na walio katika shule za kurekebisha tabia, na siku watakayorudi nyumbani.

Ombea walioibiwa, Bwana awarudishie na awaponye uchungu.

Ombea wafanyabiashara na wakulima wetu, mikono yao iwe safi na kazi yao ibarikiwe.

Bwana awabariki.